Ukoka wa Mbele ya Baraza

Mume wangu alikuwa dereva wa winchi bandarini, na ukiacha sisi familia yake, alichokipenda zaidi kilikuwa ukoka. Alichimba mashina pembeni mwa Mnazi Mmoja, akayaleta nyumbani Mchafukoge kwa kikapu, akayapanda mbele ya baraza yetu. Majirani walicheka. "Unataka kufuga mbuzi mjini?"

Masika ulipomea, aliufyeka kila Jumapili, lakini hakuukata mpaka chini. "Ukiunyoa kipara, jua litauunguza," aliniambia. Kipupwe aling'oa magugu kwa mkono. Kiangazi, mabomba yalipokauka, tuliunyweshea maji ya kusuuzia nguo, alfajiri. Vuli alipandikiza palipokufa. Haukupita muda, wale waliocheka wakawa wanakuja kutandika mikeka yao. Hapo mwanetu wa kwanza alijifunza kutambaa, na hapo waombolezaji walikaa mama mkwe alipofariki.

Kisha ukaja mwaka wa shida. Sembe ikawa ya foleni, na redio ikahimiza kila penye udongo palimwe. Jioni moja akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee tuliyemheshimu sana.

"Shikamoo, mzee," mume wangu alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, wenzako wanatafuta unga, wewe unalima majani ya kukalia?"

"Niachie nusu, mzee. Nusu nitapanda mahindi."

"Nikikuachia wewe, mwingine nitamwambia nini?"

Kesho yake mume wangu alirudi kutoka kazini akashika jembe. Nikamwambia, "Baba, ngoja kwanza, huenda akalegeza." Akasema neno la mzee limeshatoka. Alilima bila kupumzika, ukoka akaurundika ukutani, mizizi juu.

Mahindi yalifika magotini, jua likayanyausha. Kuku wa mtaa wakamaliza yaliyobaki. Wala hakuna aliyekuja kukagua. Jirani yetu mmoja hakugusa hata maua yake.

Masika iliyofuata alipanda ukoka tena. Lakini watu walishazoea kukatiza pale kwenda sokoni Kariakoo, na udongo ulikuwa umeshindiliwa kama sakafu. Vichipukizi vilitokeza, vikakanyagwa. Akajaribu na vuli, kisha akaacha. Jumapili akawa analala tu ndani, uso ukutani.

Miaka ikapita. Balozi akawa anamwoza binti yake, na nyumba yake ilikuwa finyu, akaja kutuomba uwanja. Alisimama kwenye baraza akitazama lile vumbi.

"Tungeuacha ule ukoka," alisema. "Nilikuwa na haraka, mwanangu."

"Yamekwisha, mzee," mume wangu alijibu, akaingia ndani kutafuta mikeka.

Kwangu hayakwisha. Siku ya harusi niliwatazama wanawake wakikung'uta kanga zao mpya kila walipoinuka, nikawaza: nusu tu. Mzee wa watu aliombwa nusu tu.