Rangi ya Kucha Kwenye Usukani wa Mtoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mtoro Abubakary anazima pikipiki katikati ya barabara, anakunja suruali hadi magotini na kuchomoa fimbo ya mkoko aliyoifunga ubavuni mwa kiti. Mbele yake maji yamekata njia. Mvua ya usiku imejaza kibonde kilicho nje kidogo ya Mbuchi, kijiji cha delta ya Rufiji, na maji yenye rangi ya chai ya maziwa yanapita taratibu juu ya barabara ya udongo.

Nyuma ya kiti kuna matenga mawili ya kaa hai waliotoka kwenye mikoko jana jioni. Saa tatu kamili gari la Dar es Salaam linaondoka Kibiti, na Bi Hajira, mfanyabiashara anayewasubiri kaa hao, ameshapiga simu mara mbili. Mara ya pili hakusalimia.

Kabla Mtoro hajagusa maji, anatokea Dulla, kijana wa kijiwe chake, naye pia amepakia pikipiki yake matenga ya Bi Hajira. Hapunguzi mwendo.

"Kaka Gando, utavua kambare hapo!" anapaza sauti, anajitosa, anatokea ng'ambo amelowa hadi mapajani, anapunga mkono na kupotea.

Mtoro anaingia kwa miguu, anachoma fimbo hatua kwa hatua. Upande wa kushoto fimbo inazama karibu yote. Maji yamekula udongo na kuacha shimo, na tairi la Dulla limepita kama hatua mbili tu kutoka hapo.

"Sasa huyo atafika kijiweni aseme njia nzima," anasema Mtoro. "Njia si nzima, ndugu yangu. Yeye ndo kapita tu."

Ana umri wa miaka thelathini na minane, na huu ni mwaka wake wa saba kwenye bodaboda. Matenga mawili kutoka Mbuchi hadi Kibiti humpatia shilingi elfu ishirini na tano. Akitoa mafuta na soda ya njiani, hubaki na elfu kumi na tano hivi, na siku za masika safari huwa moja tu. Kijiweni hawamwiti Mtoro. Wanamwita Gando, na jina hilo lina kisa chake.

Kaa wa delta hufungwa magando kwa kamba kabla ya kusafirishwa. Anayefunga ni mvuvi, na dereva hupokea tenga likiwa limeshashonwa, basi hakuna anayekagua. Masika ya mwaka juzi kaa mmoja alijifungua, akatoa gando kwenye tundu la tenga na kumshika Mtoro kiunoni, pikipiki ikiwa kwenye mwendo.

"Niliachia usukani mikono yote miwili," anasema, akicheka kwa aibu ambayo bado haijamtoka. "Wee, nani asingeachia?"

Mguu wa kulia ulivunjika. Alipelekwa hospitali ya Mchukwi, akafungwa plasta na kukaa nyumbani miezi minne. Wenzake walimtembelea kwa zamu, wakampa pole, kisha wakatoka nje kucheka. Walimwambia ajali haina kinga, siku ikifika imefika.

"Ikifika imefika, sawa," anasema Mtoro. "Ila si mie wa kuifuata na pikipiki."

Kwa kweli maneno hayo hakuyatunga yeye. Ni ya mkewe, Mwanawetu, ambaye ndiye mwenye pikipiki. Aliinunua kwa mpunga wa misimu mitatu, alioulima bondeni kwa jembe la mkono, na kadi ya pikipiki ina jina lake. Mtoro alipoweza kukanyaga tena, Mwanawetu alimpa ufunguo kwa sharti moja: akianguka mara nyingine, pikipiki inauzwa, naye atarudi shamba kushika jembe.

Ili asidanganywe, alichukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akapaka ncha mbili za usukani na ncha za vikanyagio. Pikipiki ikianguka, lazima ncha moja iguse chini. Kila alasiri Mtoro akirejea, Mwanawetu huzipitia ncha hizo kwa kidole kabla ya kumpa maji ya kunywa. Huu ni mwaka wa pili, na rangi haijawahi kukwaruzika.

Leo Mtoro hapandi. Anasukuma pikipiki kwa upande wa kulia wa maji, injini ikinguruma kwa gia ya kwanza. Anakaribia kabisa kutoka, pale palipomwagwa mawe, ndipo uzito wa matenga unapovuta. Pikipiki inamponyoka na kulala chini.

Yeye mwenyewe amesimama, hana hata mchubuko. Lakini haangalii kaa wala injini. Anainama, anapangusa matope kwenye ncha ya usukani, na uso wake unabadilika. Rangi imekwanguka mpaka chuma kinaonekana.

"Yallah," ananong'ona. "Mwanawetu."

Kufungua matenga, kuinua pikipiki na kufunga upya kunamchukua dakika ishirini na tano. Anafika Kibiti saa tatu na dakika kumi. Bi Hajira amelizuia gari kwa mdomo wake, na mdomo uliobaki anaumalizia kwa Mtoro. Kisha anafungua matenga. Kaa sita wa Dulla wamevunjika magando, na kaa aliyevunjika gando bei yake hushuka. Wa Mtoro wote wako kamili.

"Huyu ananipandisha presha," anasema Bi Hajira, "ila kaa wake wanafika na mikono yao."

Mtoro hasikii sifa. Kijiweni Dulla anautazama usukani, anaelewa mara moja, na kumwonyesha duka la vipodozi ng'ambo ya barabara.

"Chupa elfu moja tu, kaka. Paka, ikauke, nenda nyumbani. Nani atajua?"

Mtoro anavuka barabara. Anaishika chupa nyekundu, anaigeuza mkononi muda mrefu, halafu anairudisha mahali pake.

Alasiri, uani kwake, hasubiri kidole. "Mama Rukaya, leo imelala," anasema hata kabla ya salamu. "Nilikuwa naisukuma kwenye maji. Nimeona nikwambie mie mwenyewe."

Mwanawetu anapiga magoti kando ya pikipiki. Anaitazama suruali ya mumewe iliyokauka matope magotini, anaitazama fimbo, kisha ile ncha.

"Nilisema ukianguka weye, Baba Rukaya," anasema hatimaye. "Weye hujaanguka. Weye ulishuka."

Anaingia ndani na kurudi na chupa yake. Akiitikisa juani, ndani yake kunametameta chembe ndogo za dhahabu ambazo kwenye matope ya kila siku hakuna aliyewahi kuziona.

"Hii kaniletea dada yangu kutoka Dar. Kibiti haiuzwi," anasema, akipaka taratibu. "Ungekuja na ile ya dukani, saa hizi ningekuwa natafuta mnunuzi."

Mtoro anakaa chini kwenye mkeka.

Akiwa hapo mkekani, anaeleza anachokitaka. Kabla ya masika ijayo, kila pikipiki ya kijiwe chao, na ziko ishirini na mbili, iwe na fimbo ya kupimia maji, na kila dereva akague kamba za kaa wake kabla ya kuwasha. Atawashawishi vipi watu wanaomwita Gando?

Mwanawetu ndiye anayejibu, huku akikaza kifuniko cha chupa. "Hao hawashawishiki. Lakini mke wa Dulla alikuja hapa juzi kuazima rangi. Kesho nampelekea, nimwonyeshe na pa kupaka kwenye pikipiki ya mumewe."