Eksirei Ilisema Kifua cha Habaryar ni Safi

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, hapa Garissa tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, daktari wa kusoma eksirei. Nimechoka, jamani. Nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi.

Tunafanya utafiti wa kompyuta inayosoma eksirei ya kifua yenyewe na kusema kama kuna dalili za TB. Ikiaminika, mgonjwa wa mbali kule Rhamu hatangoja daktari ambaye hayupo. Lakini ili ujue kama inasema kweli, lazima watu wapimwe makohozi pia, na vifaa vya kupimia haviwatoshi wote. Mpango niliuchora mimi. Kila ambaye kompyuta imemwonea dalili, anapimwa makohozi. Walioambiwa ni wazima, tunachagua wachache wao kwa kura, kisha kwa hao tunakadiria imewakosa wagonjwa kiasi gani. Wenzangu walinisifu. Hata leo siwezi kusema ni mpango mbaya.

Basi akaja habaryar, dada mdogo wa marehemu mama, aliyenilea. Alitoka Ijara akikohoa. Kompyuta ikasema mzima. Nikaitazama picha mwenyewe, sikuona kitu. Kura haikumwangukia. Nikamwambia tunachowaambia wote, kikohozi kisipoisha, rudi. Akacheka. "Nirudi vipi, na mbuzi nimwachie nani?"

Hakurudi mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa aliletwa na pickup, amelazwa nyuma, amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Wodini wakampima makohozi, ni TB. Anatumia dawa sasa na anapata nafuu, alhamdulillahi. Lakini binti yake anayeishi naye, ambaye ni mjamzito, naye amepatikana nayo.

Huyo binti aliniuliza mbele ya watu, "Abaayo, dada yangu, kipimo kilikuwa mkononi mwako. Mama yangu ukamwachia kura?"

Nilianza kumweleza mambo ya hesabu. Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikaondoka.

Nikamwendea mwenzangu tunayeongoza naye utafiti, nikamwambia tupime kila anayekohoa. Hakunikaripia. Alisema, "Daktari, vifaa vitaishia hapa hapa Garissa. Wajir hatufiki, Rhamu hatufiki. Halafu hii mashine tutawapelekea tukiwa hatujui inakosea wapi?"

Wallahi anasema haki. Wa Rhamu nao wana mama zao na habaryar zao, ila hao hawanijui, hakuna anayekuja kunilaumu kwa ajili yao. Nyumbani sipigiwi simu tena. Kazini wananisubiri niseme tunaendelea au tunabadilisha.

Nikibadilisha, najua ni damu yangu inayoamua. Nisipobadilisha, kesho atakaa mama mwingine mbele yangu, anakohoa, picha yake safi, kura imempita, na mimi ndiye wa kumwambia nenda nyumbani.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Msinitukane tu. Hilo nimeshajifanyia vya kutosha.