Leso Isiyofuliwa

Dada yangu mkubwa ana Asperger, aina ya usonji. Anafua mashuka katika hoteli moja ya Galu, na hamtazami mtu usoni anapozungumza. Basi watu wamejiamulia wenyewe kwamba hana hisia.

Mama alipofariki, nyumba yetu ya Msambweni ilijaa vilio. Dada hakulia. Alikusanya nguo za marehemu ambazo zingetolewa sadaka, akazifua, akazipiga pasi, akazikunja pembe kwa pembe kama mashuka ya hotelini. Shangazi alininong'oneza, "Huyu moyo wake ni jiwe." Nami, Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa.

Siku ya hitima, nilipokwenda kuzigawa zile nguo, sikuiona leso ambayo mama alikuwa akijifunga jikoni. Nilimkuta dada chumbani akiifungia, ikiwa bado na madoa ya mchuzi, ndani ya mkebe wenye kifuniko.

"Hii mbona hukuifua?" nilimuuliza.

"Bado ina harufu ya mama," alijibu, macho yake ukutani. "Nikiifua itanuka sabuni."

Kisha akafungua kifuniko, akanisogezea mkebe.

"Nusa mara moja tu," akasema. "Isije ikaisha."