Baba mkwe na ndama wa kwenye simu

Jamani, leo baba mkwe kanikuta nacheza gemu, ndizi ziko motoni na maharage hata sijachambua.

Amekuja juzi kutoka Kibingo kumwona mjukuu. Ni mfugaji, mkali, na mimi bado namwogopa. Tangu afike ni shikamoo na marahaba tu, hatuna neno lingine.

Sasa niko uani, mtoto kalala mgongoni, namchezesha ndama mdogo mwenye kengele shingoni. Unamvusha kwenye daraja linalobembea, ukikosea anatumbukia mtoni. Siku tatu nimekwama hapo.

Nikasikia nyuma yangu, "Unamkimbizia nini huyo ndama?"

Nusura nidondoshe simu. Nikapiga magoti, shikamoo baba. Nikajua leo nitasemwa uvivu hadi kwa mashangazi.

Yeye akakaa. "Lete."

Mara ya kwanza ndama akatumbukia. Mara ya pili pia. (Nilibana kicheko mpaka machozi, mkwe hachekwi.)

"Ng'ombe hasukumwi darajani," akasema. Akatoa kidole kwenye kioo, akangoja daraja litulie, huku anampigia mluzi kabisa, kama vile anasikia. Kisha akabonyeza mara moja tu.

Ndama akavuka.

Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, nami nikacheka, mtoto akaamka.

Hapo harufu ya ndizi kuungua ikatufikia. Nikanyanyuka mbio.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Tutakula hivyo hivyo. Kuna daraja lingine mbele."

Eti "mwanangu", mmesikia lakini?

Ndizi zilikuwa nyeusi, na kaomba aongezewe.

Nyie wenzangu, wakwe zenu mliwazoeaje?