Sikuzika, Nilivumbika

Shule niliacha darasa la tatu, na sababu ilikuwa mwalimu wa hesabu, ila huyo tumwache alale. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaambiwa sikuielewa kamera. Niliielewa. Yenyewe ndiyo haikunielewa mimi.

Serikali iliiweka kwenye kilima ng'ambo ya bonde, huku kwetu Magwagwa, baada ya ng'ombe kuanza kuibwa mpakani. Ijumaa moja, jua likielekea kuzama, askari wawili wakaingia kwangu: mkubwa ana kompyuta bapa mkononi, mwembamba amebeba jembe.

"Mzee, umezika nini nyuma ya migomba?"

"Sijazika. Nimevumbika."

"Tofauti ni nini?"

"Aliyezikwa hatoki, afande. Ndizi zinatoka Jumapili."

Mke wangu akacheka huko jikoni. Mkubwa hakucheka. Akanionyesha shamba langu kwenye kioo, migomba imekuwa samawati, na katikati doa jekundu kama kidonda. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Jicho letu linaona rangi chache; kamera ile inaugawa mwanga vipande mamia. Jani lililokatwa na jani lililo mtini, kwetu yote kijani, kwake ni vitu viwili. Na mwizi wa ng'ombe anayeficha bunduki hufunika kwa majani. Kutoka kilimani kule, ilikuwa imeona majani yaliyokufa juu ya udongo mpya.

"Basi imeona kweli," nikasema. "Niliyakata juzi. Ulitaka yaendelee kuishi?"

Sasa, shimo la ndizi si sufuria, ati ufunue uchungulie. Unatandika majani, unapanga ndizi, unafunika, unapuliza moshi kando, unaziba. Ukilifungua kabla ya siku yake joto linatoka, unabaki na ndizi ngumu zenye madoa. Mama yangu alitukataza hata kupiga kelele karibu nalo, eti ndizi zitaamka. Nadhani alitaka tu tunyamaze. Na hizi zilikuwa za wakwe. Jumapili walikuwa wanakuja kumposa binti yangu wa mwisho. Niwape mkate wa dukani?

"Fungua, au tufungue sisi," akasema mwembamba.

Nikaenda nikaketi juu ya shimo. Matako yakapata joto, nikajua zinaendelea vizuri.

"Chimbeni. Anzieni hapa."

"Mzee, tutakukamata."

"Nikamateni nimekaa."

Mkubwa akauliza kama kesho asubuhi ningekubali. Nikamwambia kesho ni Sabato. Kwangu jembe halishikwi, hata liwe la serikali. Akatazama mawingu, akamgeukia mwembamba. "Utabaki hapa ulilinde."

Alililinda siku mbili na mvua yake. Mke wangu alimpa uji na mwavuli wa kanisani. Jumapili wakwe wakafika, mjomba wa bwana harusi akauliza bunduki ya huyo askari ni ya nini. Nikasema, "Hapa ndizi hazichezewi."

Tukafunua mbele ya wote. Njano tupu, harufu ikajaa boma. Mwembamba akapiga simu. "Ni ndizi, afande." Akaambiwa arudi kambini. Nikamshika mkono akala kwanza.

Akiondoka akaninong'oneza, "Mzee, siku nyingine piga ripoti kwa chifu kabla ya kuchimba."

"Wewe waambie wa kilimani," nikamjibu, "wapige hodi kabla ya kuchungulia."