Mafiga ya Kiwanja cha Ndege

Kabla hujaniita mwongo, lete mkono wako. Weka hapa, ubavu wa kushoto. Unasikia? Sasa weka upande wa pili. Umeona tofauti? Jua la Nakuru limenichoma tangu asubuhi, jasho linanitoka, na hapo pa ukubwa wa kiganja pana baridi kama jiwe la mtoni. Daktari wa kwanza alisema ni mishipa. Wa pili alicheka. Basi keti nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa hasira hunipanda na kisa hunitoka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari, wakati Mwafrika hakuthubutu kutoka nje usiku bila kibali. Mimi nilikuwa dobi mjini. Miongoni mwa wateja wangu walikuwemo marubani wa ndege ndogo za kunyunyizia nzige dawa. Kiwanja chao kilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda Gilgil: nyasi zilizofyekwa, mlingoti wenye mfuko wa kuonyesha upepo, ofisi ya mbao na banda la mabati. Kila Jumamosi nikiwapelekea nguo niliwasikia wakilalamikia njaa. Nzige hupigwa dawa alfajiri wakiwa bado wamelala mitini, kwa hiyo marubani waliruka kabla ya jua, bila hata chai.

Nami na ujuaji wangu! Nilimwendea msimamizi wa kiwanja, Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Miwani, nikamwambia naweza kufungua hoteli pale bandani.

"Umewahi kufanya kazi ya hoteli?"

"Miaka mingi, bwana."

Nilikuwa sijawahi kuchemsha yai. Mke wangu Zena alipopata habari aliketi kitako.

"Wewe baba unajua pasi," aliniambia. "Sufuria unaijua ikishafika mezani."

Lakini alikubali, maskini. Yeye angepika, mimi ningehudumia. Bwana Miwani alitupa sharti moja. Alikuwa karibu kuhamishwa, na siku ya kuondoka kwake ingekuja ndege kutoka Nairobi na wageni pamoja na msimamizi mpya. Wangekula kwangu. Wakiridhika, hoteli ni yangu. Wasiporidhika, nifunge virago. Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimekwisha uza pasi zote mbili na kumwachia binamu yangu kibanda cha udobi. Pa kurudi hapakuwepo.

Sasa sikiliza vizuri, kosa langu liko hapa. Zena alitaka mafiga makubwa, kwa kuwa yale ya nyumbani hayakuweza kubeba sufuria ya watu thelathini. Nyuma ya banda palikuwa na rundo la mawe, na juu yake nyasi, nyingine kavu, nyingine mbichi. Palikuwa na mfyekaji wa kiwanja, jina lake Kiptoo, mtu mkimya. Mara kwa mara nilimwona akipita karibu na lile rundo, anang'oa nyasi kidogo, anaziweka juu ya mawe, anakwenda zake. Mimi nikajisemea, mvivu huyu, hapa ndipo jaa lake. Nikaondoa nyasi zile kwa mguu, nikachagua mawe matatu mazuri, nikayabeba mpaka jikoni huku nikipiga mluzi.

Moto wa kwanza tu, figa moja likapasuka paa! Kikaruka kipande cha ukubwa wa ngumi. Upande wa nje kilikuwa jiwe la kawaida, lakini palipovunjika palikuwa peusi panang'aa kama chupa. Bwana Miwani alikuwa amekuja kukagua. Alikiokota, akakigeuzageuza, akakipenda. Ofisini kwake upepo ulikuwa hauachi karatasi mezani, akaenda nacho azikandamizie. Mimi nikafurahi kuwa bwana amepata zawadi.

Tangu siku ile chakula kilikataa kuiva. Maharagwe tuliyabandika asubuhi, jioni bado yanagonga meno. Nyama ilikaa motoni saa tatu na ukiikata unakuta damu. Chai ilichukua muda mpaka marubani wakaondoka wakinuna. Na moto ulikuwa unawaka, niamini, kuni zilikuwa zinalia! Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mwenye hoteli mzoefu angeshtuka siku ya kwanza. Mimi sikushtuka, kwa sababu sikujua hoteli ikoje. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe. Nilikwenda mjini kuuliza wapishi. Mmoja akasema kuni zangu ni mbichi. Mwingine akasema ni maji ya huku juu. Shangazi akaniambia nitie magadi, tukatia magadi mpaka maharagwe yakawa na ladha ya sabuni, nami sabuni naijua. Usingizi ulinipotea. Nililala pale pale nyuma ya jiko na Zena, kwa ajili ya ile amri ya kutotoka nje, nageuka huku, nageuka huku, nahesabu siku zilizobaki wageni waje.

Ndipo akaja yule mteja.

Ilikuwa alfajiri yenye ukungu mzito. Nilikuwa nikipanga vikombe, nikainua macho, mtu amesimama mlangoni. Mrefu, wa makamo, amejifunika shuka moja nyekundu iliyochujuka. Sikusikia hatua zake. Jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: huyu ametembea vipi saa hizi asikamatwe? Lakini mteja ni mteja, nami sikuwa nao wengi.

"Karibu mzee, keti."

Hakuketi mezani. Alikwenda moja kwa moja kuchuchumaa mbele ya mafiga, karibu mno na moto.

"Nasikia baridi," alisema. "Tangu ulipokuja wewe, upepo unaniingia. Hapa, na hapa, na hapa." Akajigusa mbavuni mara tatu.

Nilielewa nini mimi? Nilielewa kuwa mteja analalamikia banda langu! Ni kweli mabati yalikuwa na mianya. Nikamwomba radhi, nikampa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Alipoondoka nilikishika, na chai ile iliyotoka motoni muda mfupi ilikuwa baridi, juu yake utando mwembamba wa barafu. Nikajiambia ni kipupwe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Siku ile nzima nilipigilia mbao. Niliziba kila tundu mpaka Zena akauliza kama nataka kumkausha kwa moshi kama samaki. Alfajiri ya pili mteja akarudi, akachuchumaa pale pale.

"Bado upepo," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka.

Nikaziba hata dirisha. Alfajiri ya tatu alirudi na neno lile lile. Nilimfuata mpaka mlangoni. Umande ulikuwa umelala juu ya nyasi zote, mweupe. Mbele yangu alikuwa akitembea mtu mzima, na nyuma yake hapakubaki alama hata moja. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikakaa chini. Zena sikumwambia. Ilikuwa siku ya wageni.

Asubuhi ile tulichinja kuku wanane na kubandika sufuria ya pilau. Saa nne kuku walikuwa wabichi kama walivyotoka kuchinjwa. Zena akaanza kulia kimya kimya, akifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nikapiga magoti kuchochea moto, goti likateleza, nikaangukia mafiga kwa mkono mzima.

Nikapiga kelele, lakini si ya kuungua. Moto unawaka pande zote za jiwe, ndimi zinalilamba, na jiwe lenyewe baridi! Nikashika la pili, baridi. La tatu, baridi. Mikono yangu haikutoka hata lengelenge.

Kiptoo alisikia kelele akaja mbio na panga lake. Hakuwahi kuingia jikoni mwangu hata siku moja, na kila nilipomkaribisha chai alikataa. Alitazama mafiga, akarudi nyuma.

"Hii mawe umetoa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Wewe hapana ona mimi naweka nyasi?"

"Nilidhani unatupa."

"Natupa?" Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechezea kisu. "Iko mtu imelala hapo. Si ya kwetu, ya watu ya zamani, walikuwa hapa mbele yetu. Ukipita, unaweka nyasi, unamwambia amani. Sisi hatujui jina yake, lakini tunaweka. Wewe umemfunua!"

Hapa, na hapa, na hapa. Nikageuka kuyatazama mafiga yale matatu.

"Nifanye nini, ndugu yangu?"

"Rudisha. Yote. Usiache hata kidogo."

Tuliteremsha sufuria. Tulibeba mafiga yale mikononi, kila moja mahali pake, nikang'oa nyasi, nikaweka, nikaomba amani. Zena alijaza udongo madebe matatu, akayapanga jikoni, akabandika sufuria juu yake. Wallahi, kwa muda usiofika saa moja kuku wakaiva wakaacha mifupa! Harufu ya pilau ikatoka nje, na ndege ya Nairobi nayo ikaanza kuteremka.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumbuka kile kipande. Kilikuwa mezani kwa Bwana Miwani, juu ya karatasi zake.

Ningeweza kuingia ofisini nikakichukua. Siku zile, Mwafrika akutwe peke yake anapekua meza ya Mzungu? Basi ningeweza kuomba. Nilikusudia kuomba. Nilimsogelea Bwana Miwani nikiwa na sinia mkononi, maneno nimeyapanga. Wageni walikuwa wakila na kuongeza. Akanishika bega, akamwambia msimamizi mpya, "Huyu ni mtu wa kazi. Huyu atabaki." Wote wakanitazama, wakatabasamu.

Ningesema nini? Bwana, nirudishie jiwe, ni la maiti? Wangenicheka, na hoteli ningeipoteza pale pale. Nikasema, "Asante, bwana. Niongeze pilau?" Nikajiambia nitakwenda wakimaliza. Halafu wakataka chai. Halafu Zena akaniita jikoni, ananikumbatia kwa furaha. Niliposikia injini inanguruma ndipo nilipotupa sinia.

Nilikimbilia ofisini. Mlango ulikuwa wazi, na karatasi zimeenea sakafuni kote, zinapeperuka. Mezani hapakuwa na kitu. Nikatoka mbio kiwanjani napunga mikono, "Bwana! Bwana!" Alinipungia na yeye, kwa furaha, akidhani namuaga. Ndege ikapita juu ya kichwa changu. Mkoba wake ulikuwa miguuni kwake, niliuona mlango wa ndege ulipokuwa ukifungwa.

Kesho yake alfajiri mteja alikuja. Safari hii nilikuwa nikimngoja, nimekaa. Hakwenda motoni. Alisimama mbele yangu.

"Hapa pamezibika," alisema, akijigusa. "Na hapa. Hapa bado."

"Kimeondoka na ndege, mzee. Nisamehe."

"Ndege itarudi lini?"

"Sijui."

 Kisha akanyoosha mkono, akaniwekea kiganja ubavuni, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Basi tutangoja wote," akasema, akatoka.

Hoteli ilistawi, sikufichi. Marubani walikula, wageni walikula, nikajenga nyumba kwa hoteli ile. Na mimi mwenyewe nilikaa kando ya moto na koti mwilini mwaka mzima. Zena alinikanda kwa maji ya moto, kwa tangawizi, kwa chupa ya moto, mpaka mikono yake ikachoka. Niliomba niandikiwe barua tatu za kwenda kwa Bwana Miwani. Hazikujibiwa. Nasikia alirudi kwao Ulaya. Kiwanja kilifungwa, Kiptoo akazeeka, na nyasi pale ninaziweka mimi sasa, kila wiki. Lakini asubuhi za ukungu, hapa nyumbani kwangu, ndege ikipita juu huamka nikakimbilia nje kutazama. Si mimi peke yangu ninayetazama. Huwa amesimama pale karibu na lango, shuka yake ile ile, naye ameinua uso. Ikishapita, hunigeukia. Haulizi tena. Hunitazama tu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufungua biashara usiyoijua, fungua, sikukatazi. Waulize wapishi, uliza kuni, uliza maji. Lakini kwanza muulize mfyekaji nyasi jiwe hili ni la nani. Na kama siku moja, katika nyumba yoyote, nchi yoyote, utakuta juu ya meza jiwe la ukubwa wa ngumi, upande mmoja mweusi unang'aa kama chupa, uliguse. Likiwa la baridi hata kwenye jua, usiwaze mara mbili, usione haya kwa mwenye meza kama nilivyoona mimi. Liombe. Liombe hata wakucheke. Kuna watu wawili huku wanangoja.