Siku Kumi na Moja za Kimya

Mwanafunzi wangu alisimama mbele ya darasa na fimbo aliyoikata mwenyewe, akaniomba nimchape.

Mimi, ambaye kwa miaka tisa ya ualimu hapa Kasongo sijamchapa mtoto hata mmoja.

Niwaeleze kwa utaratibu, maana aibu yake ninayo mpaka leo.

Ninafundisha darasa la tano. Walimu wa shule yangu hunitania: «Fimbo yako iko wapi, uliiuza?» Nami hujibu kwamba ninayo njia bora. Mtoto akikosa, darasa zima halisemi naye siku tatu. Hakuna kilio, hakuna alama mwilini.

Niliiona ni njia ya watu waliosoma.

Hidaya, msichana mwenye kucheka ovyo, alinakili kazi ya jirani yake wa benchi, Laura. Nikatangaza: «Hidaya, siku tatu.» Darasa likanyamaza papo hapo. Nikajivuna.

Kesho yake nikaitwa Kabambare kwa mafunzo. Mvua ikakata barabara, pikipiki hazikupita. Nikarudi siku ya kumi na moja.

Mama yake Hidaya alikuwa akinisubiri mlangoni pa darasa.

«Mwalimu, mutoto wangu anazungumuza na mbuzi sasa. Ndugu zake wanasoma darasa hili hili, hata kwa chakula hawamujibu.»

«Lakini nilisema siku tatu, mama.»

«Wanangoja weye useme imeisha.»

Ni kweli. Kila mara, aliyetangaza mwisho nilikuwa mimi. Watoto wangu walikuwa na nidhamu kuliko nilivyowahi kuomba.

Ndipo Hidaya akaingia na ile fimbo.

«Munichape tu, mwalimu. Mbele yao. Iishe.»

Sikumchapa. Nikatangaza kwamba imeisha, semeni naye. Wote wakaitika kwa sauti moja, kama somo: «Jambo, Hidaya.»

Akalia. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani ni furaha.

Wiki tatu baadaye nikamwona Laura peke yake uani, na wenzake wakimpita kama mti. Nikamwita Hidaya.

«Leo iko siku ya ine,» alinijibu kwa utulivu. «Bado saba.»

«Nani ameamuru?»

«Mimi. Tunakaa benchi moja, na hakunisemesha. Mwenye kumusemesha yeye, ndiye anafuata.»

Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu.

Nilisimama mbele ya darasa, nikakiri kwamba kosa ni langu, si la Hidaya wala la Laura. Hidaya akanyoosha kidole.

«Basi weye, mwalimu, tukunyamazie siku ngapi?»

Hakuna aliyecheka.

Ndipo Laura, ambaye hakuwa amesikika siku nne, akasema: «Apana. Mumwache aseme. Na weye Hidaya, nilikuona ukikula peke yako. Nilikuwa naogopa.»

Hidaya akasogeza daftari lake, akamwachia nafasi kwenye benchi.

Walimu wenzangu, nilidhani kuweka fimbo chini kunatosha. Siku hizi mtoto akikosa, ninamkalisha na yule aliyekosewa, wanazungumza mpaka wasikilizane. Inachukua muda mwingi na inaharibu ratiba yangu.

Ninaiacha iharibike.